Zamu ya Chini

Gari likizimwa linanyamaza. Hilo halihitaji cheti cha ufundi. Hata kuku wa mtaani kwetu Kambarage wanalijua, ndiyo maana wanalala chini ya injini iliyozimwa bila wasiwasi. Sasa nisikilizeni. Pikapu ya Pantaleo ilizimwa asubuhi, ikapandishwa juu ya mawe, ufunguo ukatiwa mfukoni, na jua lilipofika utosini usukani wake ulikuwa bado unaguna.

"Ni chuma kinapoa," alisema fundi Donatus, akayaamini maneno yake mwenyewe. Chuma gani hicho kinachopoa nusu siku? Lakini mtu akiitaka kazi hujidanganya vizuri tu.

Na kazi hii aliitaka kweli. Mkewe Mektilda alikuwa ameingia mwezi wake. Watoto wawili wa kwanza walizaliwa nyumbani, wote wawili wakazikwa kabla ya kupewa majina, na mara ya pili Mektilda mwenyewe aliponea chupuchupu. Wakunga wa hospitali ya Kolandoto hawakumficha: huyu wa tatu azaliwe hospitali, la sivyo fundi atazika mama na mwana. Ilikuwa ile miaka ya foleni, petroli inatafutwa kwa tochi, na kila Jumapili kuanzia saa nane mchana magari binafsi yalikuwa marufuku barabarani. Utampata wapi mtu wa kukukimbizia mjamzito? Basi Pantaleo, mnunuzi wa dhahabu kutoka Nyarugusu, alipoleta pikapu yake ya kijani na kusema, "Nitengenezee usukani, na gari likae hapa kwako mpaka mkeo ajifungue, tena tangi nimelijaza," Donatus nusura alie mbele ya wateja.

Mtu wa dhahabu anayetoa gari bure! Mimi ningeuliza maswali mpaka anichoke. Donatus aliuliza moja tu, la kifundi.

"Linafanyaje?"

"Likishika mwendo linatetemeka mpaka meno yanagongana. Ukikata kulia, linalia." Pantaleo alikuwa amesimama mbali na gari lake mwenyewe, mikono nyuma. "Nasikia wewe ukifanya kazi unaongea na magari."

"Nani haongei nayo?"

"Wengi," Pantaleo akasema, akaenda zake nyumba ya wageni.

Donatus alianza na yaliyo rahisi. Mtetemeko mara nyingi ni tairi, kwa hiyo akahamisha za nyuma mbele na za mbele nyuma, akalijaribu barabarani: mtetemeko ule ule. Akaliinua kwa jeki, akatikisa magurudumu juu na chini. Beringi zilikuwa zinacheza, akazifungua, akaziosha, akazipaka grisi mpya. Mlio ukahamia kushoto. Akakaza viungo vya usukani. Mlio ukarudi kulia, halafu ukapanda kwenye nguzo ya usukani. Hapo ndipo alipokaa chini akajikuna kichwa. Kelele ya chuma haihami jamani. Chuma kilicholika kimelika pale pale, na kitalia pale pale mpaka ukibadilishe.

Alichukua bisibisi yake ndefu, ncha akaiweka kwenye boksi la usukani na mpini akaubana sikioni, kama mafundi wanavyosikiliza. Hakusikia msuguano. Alisikia mtu anahema, kwa shida, pumzi za mtu aliyebanwa kifua. Akautoa mpini, akafuta sikio, akaurudisha, kimya. Akafungua kizibo cha boksi aongeze oili, na badala ya oili yakachuruzika maji mekundu ya tope, na harufu ya udongo mbichi ikajaa gereji yote, kiangazi kile ambacho hata visima vilikuwa vimekauka.

"Huyu Pantaleo analivusha gari mitoni halafu anasema usukani," Donatus alinung'unika, akamwaga yale maji. Mikono ilimnuka udongo siku nzima, sabuni haikufua dafu.

Kukagua viungo vya usukani ni kazi ya watu wawili. Mmoja analala chini, vidole vyake vimeshika kiungo, na mwenzake amekaa ndani anazungusha usukani. Donatus hakuwa na msaidizi zaidi ya Mektilda, ambaye alikaa kwenye kiti cha dereva na mto mgongoni, tumbo limegusa usukani.

"Kata kulia, mayu!" Ndivyo alivyomwita, mama kwa Kisukuma.

"Nakata, usinifokee, mimi si utingo wako."

"Kushoto!"

"Mwanao huyu anapiga mateke. Anasema yeye hajaajiriwa."

Donatus alicheka chini ya gari mpaka vumbi likamwingia mdomoni. Alikuwa akimpenda mke yule waziwazi, bila haya, mpaka majirani wakimsema.

Jumapili iliyofuata walitoka misa, wakala, na Donatus akarudi chini ya pikapu ili amalize. Saa nane ilipopita barabara ikafa. Hakuna lori la pamba, hakuna honi, vumbi lenyewe lilitulia, na Kambarage nzima ikawa kimya kwenye jua kali, mbuzi wamejibanza ukutani. Kimya cha namna ile mchana kweupe si kizuri, mimi sikipendi mpaka leo.

"Kata kulia, mayu," Donatus alisema.

Usukani ukakata kulia.

"Kushoto sasa. Taratibu."

Ukakata taratibu, vizuri kabisa, bila utani wala manung'uniko, na Donatus akaona ajabu kidogo, kwa kuwa mkewe hakuwa mtu wa kutii hivihivi, na kile kiungo kwenye vidole vyake kilikuwa cha baridi na kimelowa ingawa jua lilikuwa linachoma. Akamhurumia. Akasema kwa sauti ya chini, kama mume anavyosema na mkewe, "Umechoka, eeh? Umekaa humo muda mrefu. Pumzika sasa, nitakupokea mimi."

Jibu lilikuja, ila halikutoka juu yake ndani ya gari. Lilitoka chini, kwenye ardhi aliyoilalia, karibu kabisa na kisogo chake, sauti ya mwanamume mwenye mchanga kooni. "Ahsante. Njoo unipokee."

Donatus alitoka chini ya gari lile viwiko vikichubuka. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Usukani ulikuwa unajizungusha wenyewe polepole, kulia, kushoto, kulia. Na Mektilda alikuwa anaingia uani kutoka kwa jirani, bakuli la matobolwa, vile viazi vikavu, mkononi.

"Ulikuwa wapi?"

"Si nilikuaga? Uso wako una nini, fundi?"

Donatus alikimbia mpaka nyumba ya wageni, akamkuta Pantaleo amekaa kitandani na viatu miguuni, kama mtu anayesubiri habari.

"Kuna mtu ndani ya gari lako," Donatus alisema.

"Shh! Funga mlango." Pantaleo alisimama. "Amesema nini? Na wewe, umemjibu?"

"Nilidhani ni mke wangu. Nilimwambia apumzike, nitampokea."

Pantaleo akajishika kichwa, akalia. Kilikuwa kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo, na hicho ndicho kilichomtisha Donatus kuliko yote.

"Anaitwa Apolinari," Pantaleo alinong'ona. "Mchimbaji wangu, kijana wa Ushirombo. Duara letu, shimo la dhahabu, lilikuwa refu na winchi hatuna, kwa hiyo kamba tuliifunga kwenye pikapu. Yeye yuko chini anapaza sauti, mimi niko kwenye usukani. Vuta, legeza, kata kulia. Zamu yake ikaisha. Akaita apokewe, na hakuna aliyekubali kushuka, maana udongo ulikuwa umeanza kudondoka. Nikamwambia vumilia. Ardhi ikafunga, fundi. Kamba ikaanza kulivuta gari kuelekea shimoni. Nikaikata."

"Ukaikata, na yeye yuko chini?"

"Nikaikata. Mganga aliniambia jini la ule mwamba ndilo linalomshika, na halimwachii mpaka apatikane mwingine wa kushika zamu. Halichukui mtu kwa nguvu. Ukimjibu kwa kinywa chako, umempokea. Na ukimtajia jina la mtu, wewe umemtoa huyo mtu. Nimezunguka na gari hili kwa mafundi, wote wanafanya kazi midomo imefungwa. Wewe niliambiwa ni msemaji."

Donatus alimkamata shingo, akamwachia. Atamnyonga ili iweje?

"Lakini bado unaweza kupona," Pantaleo alisema, akikohoa. "Nje ya gari lile hana miguu. Usilale chini yake tena. Usikae ndani yake. Liache lioze."

Donatus alirudi nyumbani amekata shauri kulisukuma mpaka korongoni. Akamkuta Mektilda ameshika nguzo ya mlango kwa mikono miwili, chupa imepasuka, maji yamelowesha sakafu, na damu imechanganyika na maji.

"Sasa hivi, fundi," mkewe alisema. "Sasa hivi!"

Alitoka barabarani akatazama juu na chini, hapakuwa na gari, hapakuwa hata na baiskeli, ni barabara nyeupe tu na jua, na yeye akajua kabisa anachokifanya alipoyatoa mawe chini ya magurudumu, akamnyanyua mkewe, akamweka kwenye kiti, akashika usukani uliokuwa wa baridi na umelowa, akawasha. Akaelekea Kolandoto, na gari lilipokolea mwendo mtetemeko ukaanza, kwanza kwenye usukani, kisha mikononi, kisha kifuani, na kulia kukawa kunalia na kushoto kunalia, na harufu ya udongo mbichi ikapanda kutoka sakafuni mpaka Mektilda akaanza kukohoa katikati ya uchungu wake akiuliza ni nini hiki, nani huyu anayesema chini ya miguu yangu, na Donatus akamweleza yote bila kupunguza, akipiga kelele ili asikike, huku maji mekundu yakichuruzika kwenye nguzo ya usukani na kumlowesha magoti, mpaka walipofika njia ya kuingia hospitalini, wakaona mapaa yake kabisa, na usukani ukajikaza kama umechomelewa, ukalielekeza gari mbugani.

Alikanyaga breki. Akavuta usukani kwa uzito wake wote. Haukusogea.

"Nimechoka," sauti ilisema chini yao. "Umesema utanipokea."

"Fundi, usimjibu!" Mektilda alimshika mkono. "Yaya! Yaya, hapana, nakuomba!"

Donatus alimtazama mkewe, midomo yake imekuwa myeupe, akatazama damu kwenye kiti. Kisha akainama, akaweka paji la uso kwenye usukani, akasema kwa upole kabisa.

"Apolinari, nimesema nitakupokea na nitakupokea. Lakini huyu mama hakukuahidi kitu. Acha kwanza wampokee yeye na mtoto."

Usukani ukalainika. Donatus alikuwa fundi siku nyingi, lakini hakuwahi kushika usukani laini namna ile. Hawakusikia mlio, hawakuhisi mtetemeko, mpaka mlangoni mwa hospitali, ambako wauguzi walimpokea Mektilda kwenye machela, naye akamng'ang'ania mumewe shati mpaka kifungo kikakatika.

"Usirudi kwenye gari," Mektilda alisema.

"Nalisogeza tu, mayu. Limeziba njia."

Mlinzi wa getini ndiye aliyesimulia yaliyobaki. Alimwona fundi amelala chini ya pikapu, miguu imetokeza nje kama mafundi wanavyolala, akamsikia anazungumza na mtu. Alipotupa macho tena miguu haikuwepo. Zilibaki katambuga zake mbili kwenye changarawe. Akatoka chini ya gari mwanamume mwingine, mwembamba, udongo mwekundu mwilini mpaka kwenye kope, akapita getini peku na kusema "Mwangaluka," salamu ya asubuhi, wakati jua lilikuwa linazama. Akashika njia ya magharibi.

Mtoto alizaliwa hai. Wa kiume, mzito, mwenye sauti. Mektilda akampa jina wodini, na hilo jina mimi nalijua, lakini silitaji hapa.

Pantaleo alikuja kuchukua gari lake. Alimkuta Mektilda amekaa kwenye ngazi na mtoto mgongoni, akaomba msamaha kwa maneno mengi, mwanamke akawa hamwangalii.

"Nipeleke nyumbani," alisema.

"Kwa hili? Mama, nitakutafutia gari lingine."

"Nataka hili."

"Basi ataongea nawe," Pantaleo alinong'ona. "Si mumeo peke yake tena, nielewe. Usimjibu, na usimtajie mtu."

Mektilda alipanda, akamhamishia mtoto kifuani. Njiani pikapu ilikwenda kwa ulaini, unaweza kuweka chai kwenye dashibodi isimwagike, na kwa muda hapakuwa na sauti yoyote, mpaka mtoto alipolia kidogo, akanyonya, akanyamaza. Hapo harufu ya udongo ikaja, na chini ya nyayo za mama yake mtu akavuta pumzi. Mektilda aliijua pumzi ile kabla ya neno.

"Mayu," Donatus aliuliza, taratibu, kwa furaha ambayo hakuweza kuificha. "Nimesikia analia. Sasa nikuite mama nani?"

Pantaleo alikaza macho barabarani. Mektilda alifungua mdomo, jina lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, jina zuri alilolichagua peke yake na ambalo alitamani baba yake mtoto alisikie. Akachukua pindo la kanga, akalisokomeza mdomoni, akaliuma.

"Mama nani, mayu?"

Aliuliza hivyo njia nzima mpaka Kambarage, na mkewe hakujibu.