Udongo wa Nyuma ya Jiko

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Nzilani alizoa majivu jikoni, akayatia katika karai kuukuu na kwenda kuyamwaga nyuma ya jiko. Hapo mmea wa malenge ulikuwa umetambaa mpaka juu ya ua, na majani yake yalikuwa mapana kuliko sahani. Hakuna mtu aliyeupanda wala kuupalilia.

Shambani mambo yalikuwa tofauti. Kwao kulikuwa Mbooni, mlimani, juu ya soko la Kikima. Shamba liliteremka ngazi baada ya ngazi hadi kijitoni. Mama yake, Ndila, alizichimba ngazi hizo pamoja na wanawake wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi. Mvua ilinyesha vizuri kule juu. Hata hivyo, mahindi ya Ndila yalifika kiunoni tu, yakageuka rangi, yakazaa masuke yenye punje chache. Msimu uliopita chakula kiliisha ghalani mapema, ikabidi Ndila auze mbuzi.

Mwezi wa Septemba mwaka 1986, afisa wa kilimo, Bwana Kivuva, alizungumza na kikundi.

"Mvua nyingi ya mlimani huosha udongo na kuuacha na asidi," aliwaeleza. "Mahindi hayapendi asidi. Nileteeni udongo niupime. Atakayeonekana na shida hiyo atapata chokaa ya shambani. Ila chokaa ni kidogo, kwa hiyo kila mmoja alete udongo wa shamba lake lote."

Jumamosi Ndila alipokuwa akienda kusaga mahindi, alimpa Nzilani mkebe.

"Chota udongo kidogo katika kila ngazi, uuchanganye, halafu ujaze mkebe huu. Usiruke ngazi hata moja."

"Ndiyo, mwaitu," Nzilani alimjibu mama yake.

Alikuwa ameshika jembe alipomwona rafiki yake Kalunde uani, amebeba mpira wa makaratasi wa kuchezea kati, mchezo wa kulengana na kukwepa mpira.

"Tunakungoja tucheze kati," Kalunde alisema. "Wale wa ng'ambo wameshafika, na bila wewe watatupiga vibaya."

"Lazima kwanza niteremke mpaka kijitoni nikachote udongo."

"Udongo wa kupeleka wapi? Huo ulio hapa una kosa gani? Ama wewe ni mzee wa kuteremka polepole na fimbo?"

Nzilani alitazama mteremko. Kushuka kulikuwa rahisi, lakini kupanda tena kungemmaliza pumzi. Akazunguka nyuma ya jiko. Udongo wa hapo ulikuwa laini. Aliujaza mkebe kwa muda mfupi tu, kisha akakimbilia uwanjani.

Wiki iliyofuata kikundi kilikutana nyumbani kwa Mama Mutiso, mmoja wa wanawake wa mwethya, na Nzilani akafuatana na mama yake. Bwana Kivuva alipanga vichupa vya kioo juu ya meza, akatia udongo, maji na matone ya dawa.

"Rangi ya machungwa maana yake asidi ni nyingi," alisema. "Kijani maana yake udongo ni mzuri."

Kichupa baada ya kichupa kiligeuka rangi ya machungwa. Cha Ndila kikawa kijani. Bwana Kivuva alirudia kupima. Kijani tena.

"Mama Nzilani, udongo wako hauna shida," alisema. "Chokaa tutawapa wengine."

Mama Mutiso, aliyependa mzaha, akacheka. "Kumbe! Na vile tumekuwa tukikuhurumia. Shamba liko sawa, ni jembe linalolala mpaka saa nne."

Wengine wakacheka pia. Ndila alitabasamu. Aliitazama mikono yake yenye sugu, kisha akaificha ndani ya leso. Nzilani aliyaona hayo yote, akainamisha kichwa.

Tangu siku hiyo Ndila alitoka kwenda shambani kabla ya mwanga na kurudi giza likiingia. Jioni moja walikuwa wakila muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, akasema polepole, "Labda ninapanda vibaya. Labda kweli ni mimi."

Nzilani aliacha kula.

"Mwaitu, si wewe. Ule udongo sikuutoa shambani. Niliuchota nyuma ya jiko, nikaenda kucheza."

Ndila aliweka kijiko chini.

"Walinicheka," alisema, "na ulikuwa umesimama pale."

"Naomba unisamehe."

"Nitakusamehe. Lakini kesho utachimba kila ngazi. Halafu utaupeleka udongo wewe mwenyewe na kusema wewe mwenyewe. Sitakusemea."

Siku chokaa ilipoletwa, Nzilani alifika kwa Mama Mutiso na mkebe wake, wanawake wakiwa wameshagawana. Aliwaeleza yote. Hakumtaja Kalunde. Bwana Kivuva akaupima udongo ule. Kichupa kikageuka rangi ya machungwa iliyokolea kuliko vyote.

"Nyuma ya jiko mnamwaga nini?" aliuliza.

"Majivu."

"Basi ndiyo sababu. Majivu hupunguza asidi kama chokaa, ila ya jiko moja hayatoshi shamba zima." Akatazama magunia. "Shida ni kwamba chokaa yote ina wenyewe sasa."

Kisha Mama Mutiso akafungua gunia lake.

"Leteni debe," alisema. "Mimi ndiye niliyelisingizia jembe la mwenzangu."

Akapima kiasi, na wengine wakaongeza. Chokaa hiyo ilitosha nusu tu ya ngazi za Ndila. Bwana Kivuva aliwaonyesha jinsi ya kuinyunyiza juu ya shamba na kuichanganya na udongo mapema, kabla ya mvua, kisha kuweka samadi wakati wa kupanda. Nzilani alinyunyiza na mama yake akalima, wakateremka hivyo ngazi kwa ngazi.

Kufikia Januari, mahindi ya ngazi zenye chokaa yalikuwa yamempita Ndila kwa urefu, na masuke yamejaa punje. Yale ya ngazi nyingine yalibaki kiunoni. Mama Mutiso alisimama njiani akayatazama.

"Naona jembe limeamka," alisema.

"Halikuwa limelala, dada," Ndila alijibu, na wote wawili wakacheka.

Mama Mutiso alipokwenda zake, Ndila alimgeukia binti yake.

"Nguvu za kulima nilikuwa nazo, Nzilani. Nilichokosa ni kujua ukweli wa shamba langu, na ulikuwa mkononi mwako. Ungenyamaza, ningeendelea kujichosha bure na kujilaumu. Ukipewa kazi, ifanye mpaka mwisho hata kama hakuna anayekuona. Na ukikosea, sema mapema, ili wengine wasiumie kwa ajili yako."

"Nimesikia, mwaitu."

Kesho yake asubuhi Nzilani alizoa majivu kama kawaida. Hakuyamwaga nyuma ya jiko. Alijitwika karai, akateremka nalo mpaka ngazi ya mwisho kabisa, karibu na kijito, ambako chokaa haikufika.