Tiketi Mbili za Siku ya Bamvua

"Naima, hebu nisomee hii meseji. Macho yangu yamejaa chumvi."

Mastura alikuwa kasimama katikati ya shamba lake la mwani pale Sudi, maji yamemfika magotini, simu inaning'inia shingoni ndani ya mfuko wa nailoni, bado hajaizima kwa kazi. Shoga yake Naima, mwenye shamba la jirani, akaacha kufunga mbegu kwenye kamba, akajifuta mikono na kuishika simu kupitia mfuko huo huo.

"'Tiketi zako mbili zimethibitishwa. Dar es Salaam kwenda Morogoro, Jumatano tarehe 14, saa 12 asubuhi. Kurudi siku hiyo hiyo, saa 11 jioni. Abiria wawili. Safari njema.'"

Naima akapiga kigelegele mpaka wanawake wa mashamba ya mbali wakageuka.

"Mama yangu! Maftaha kakata tiketi! Shoga, umeolewa upya!"

"Umesoma vizuri?"

"Soma mwenyewe kama huniamini!"

Mastura akasoma, akacheka kama msichana. Maftaha ni mumewe wa miaka tisa, fundi friji, kibanda chake kiko Mtanda, Lindi mjini, na nyumbani Sudi huja Ijumaa kwa Ijumaa. Walipojisajili kwenye mtandao wa tiketi za treni mwaka jana waliandika namba ya Mastura, maana Maftaha hubadili laini kila akikorofishana na mteja. Ndiyo maana meseji ilikuja kwake.

Na safari yenyewe ilikuwa ya Mastura. Aliipanga kwenye daftari tangu aliposikia treni ya umeme imeanza kubeba watu. Wafikie Dar, mitaa ile ya zamani karibu na bandari, wachukue chumba mahali ambapo stesheni inafikika kwa miguu. Siku ya kwanza waende Morogoro, wale mchana kule, jioni warudi. Siku ya pili wazunguke majumba ya kale ya mjini. Siku ya tatu waende Dodoma na kurudi. Begi libaki chumbani siku zote. Mtu anayebeba mwani uliolowa kichwani mwaka mzima hana hamu ya kufika mbali. Hamu yake ni kwenda na kurudi bila mzigo. Kila Ijumaa alimsomea mumewe mipango hiyo, na kila Ijumaa Maftaha alisema, "Inshallah, mwezi ujao."

Naima ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza.

"Jumatano hii? Keshokutwa?"

"Si ndivyo ilivyoandikwa."

"Mastura, si tutakuwa humu humu majini?"

Wakatazamana. Ilikuwa Jumatatu, na bamvua ndiyo kwanza imeanza, zile siku chache ambazo bahari hukauka mbali na wakulima wa mwani wakaingia shambani. Ukiikosa, mwani unakatika na kwenda na maji, jasho la wiki mbili limekwisha. Mke anayelima mwani hasafiri siku za bamvua, na hilo Maftaha alilijua kama anavyolijua jina lake.

"Labda kasahau," alisema Naima.

"Labda."

Akapiga simu hapo hapo.

"Mke wangu, mbona mapema? Hujatoka majini?"

"Bado. Nimekukumbuka tu. Huna la kuniambia?"

"La nini?"

"Lolote, Maftaha."

"Aa, ndiyo, vizuri umenikumbusha. Kesho naelekea Kilwa Masoko. Kuna friji la samaki limegoma huko, nitakaa siku tatu. Mtandao wa kule unasumbua, usihangaike ukinikosa."

"Sawa."

"Na Jumatano maji yanatoka saa ngapi?"

Mastura akafumba macho. Swali hilo aliulizwa kila bamvua, tangu mwaka juzi. Alijisifia nalo mbele ya wenzake: mume wangu anajali, anataka kujua niko salama. Na kila bamvua alipotoka majini alikuta amepigiwa mara tatu, mara nne, saa zile zile ambazo alishamwambia simu atakuwa kaizima. Kisha Maftaha hulalamika kwa sauti ya mapenzi, "Nimekutafuta, mke wangu, hupatikani." Sasa alielewa: alikuwa akihakikisha yuko majini.

"Yanatoka saa tatu," alijibu. "Nitakuwa shambani mpaka saa saba."

"Basi nitakutafuta."

"Najua."

Akakata simu. Roho ilimuuma, na zaidi ya kuuma, ilichoka. Akainama akaendelea kufunga mbegu.

"Kasemaje?" Naima aliuliza.

"Anakwenda Kilwa kutengeneza friji."

"Kilwa ina treni tangu lini? Mwanaharamu mkubwa! Twende Lindi sasa hivi tumvue nguo sokoni!"

"Naima, kugombana nako kunataka nguvu. Mimi nguvu zangu zote ziko kwenye hizi kamba."

Alipofika nyumbani alifungua daftari. Ukurasa wa siku ya kwanza haukuwepo, umechanwa taratibu kwa rula. Hapo alikaa kitandani akacheka peke yake, kicheko kibaya. Maftaha hata safari ya kumpeleka mwanamke mwingine alishindwa kuitunga kwa akili yake, na namba waliyoandika mtandaoni alishaisahau.

Jumanne Mastura hakupiga simu. Aliacha mlango wazi, angalau mumewe apige aseme, "Nilisahau bamvua, mke wangu, mwachie Naima shamba uje." Alijiambia akisikia neno hilo atapanda basi hata na nguo zilizolowa. Maftaha alituma meseji moja tu, jioni: *Nimefika Kilwa salama. Friji ni bovu kweli.*

Jumatano, saa nne asubuhi, Mastura akiwa majini, simu ililia. Safari hii hakuwa ameizima. Namba ngeni.

"Shikamoo, dada." Sauti ya msichana.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Warda. Wa Kilwa Kivinje. Samahani, dada, namba yako nimeikuta kwenye tiketi ya mume wangu, na si yake. Nikasema nipige nijue ni ya nani."

"Mume wako nani?"

"Maftaha. Fundi."

Mastura akaegemea kigingi kilichofungiwa kamba. Naima akamsogelea akabandika sikio kwenye simu.

"Mko wapi saa hizi?"

"Morogoro. Yeye kaenda kutafuta msikiti, kaniachia begi." Karatasi ikachakarika. "Dada, humu kuna karatasi. Imeandikwa, 'Mastura akae dirishani, Maftaha pembeni, maana yeye husinzia.' Mastura ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Mliachana, si ndiyo?"

"Ijumaa nimemfulia kanzu."

Warda akaanza kulia. Mastura alitaka kumtukana msichana huyo na hakupata hata tusi moja.

"Kanioa mwezi wa Shaabani," Warda alisema. "Alikuja kwetu mbele ya mjomba wangu na mashahidi, akatamka kwa mdomo wake: 'Nilikuwa na mke Sudi, nilimwacha mwaka juzi, talaka moja, eda ikaisha.' Mjomba alimuuliza mara mbili. Asingesema hivyo nisingepewa. Kwetu hatutaki uke wenza, mama yangu uliwahi kumtia wazimu."

"Mara mbili?"

"Mara mbili, dada. Nisamehe. Niliiona hii safari nikasema huyu mwanaume anajua kupanga, mpaka siti kanichagulia."

Hilo ndilo lililomtoa Mastura machozi. Angesikia Maftaha kaoa angelia siku saba, akanyamaza. Wanaume wa pwani wanaoa. Lakini kumkalisha mwingine dirishani kwa mwandiko wake yeye!

"Usilie kwenye mji wa watu," alisema. "Kula, unywe maji, rudi na treni yako ya jioni. Ijumaa baada ya sala mwambie mjomba wako aje Sudi kwa Sheikh Abdulrazak. Kumwambia Maftaha au kutomwambia, shauri yako."

Warda hakumficha. Nusu saa baadaye Maftaha alipiga.

"Mke wangu, nisikilize..."

"Yupi?"

"Mastura, ni shetani tu. Naomba tuongee kama watu wazima."

"Niko majini, Maftaha. Si ulitaka niwe huku? Acha nimalize."

Ijumaa, barazani kwa Sheikh Abdulrazak, walikaa watu watano: sheikh, Mastura na kaka yake Iddi, Mzee Yassin ambaye ni mjomba wa Warda, na Maftaha, kavaa kanzu ile ile aliyofuliwa. Alikuwa kainamisha kichwa.

"Maftaha," sheikh alianza, "mzee huyu katoka Kivinje. Anasema ulitamka mbele yake kwamba Mastura ulishamwacha. Ulitamka?"

"Nilitamka, sheikh. Lakini ulikuwa uongo. Nilikuwa natafuta mke tu."

Mzee Yassin akaruka.

"Kumbe ulituongopea? Mtoto wetu ulimchukua kwa uongo mbele ya mashahidi? Basi ndoa hiyo na sisi tunakwenda kuivunja kwa kadhi!"

"Hapana, mzee wangu, si uongo hivyo..."

"Kwa hiyo ulisema kweli?" Iddi aliuliza. "Dada yangu ulikuwa umemwacha? Na Ijumaa zote hizo ulizolala ndani kwake zilikuwa nini?"

"Sikumwacha, shemeji! Mimi nampenda Mastura!"

"Na Warda je?" mzee aliuliza.

"Na Warda."

Sheikh akamwinulia mkono.

"Kijana, talaka si neno la kuchezea. Hata anayelisema kwa masihara anabanwa nalo. Chagua hapa mbele yetu. Sema ulimwongopea mzee huyu, ubebe aibu yako, na mzee aende kwa kadhi. Au sema ulikuwa mkweli, na mwanamke huyu si mkeo tena. Huwezi kutoka hapa na vyote viwili."

Maftaha alimtazama sheikh, akamtazama Mzee Yassin, mwisho akamgeukia mkewe.

"Mastura, nisaidie. Sema unanisamehe, haya mengine yatapangika. Mwezi ujao tutakwenda Dodoma, mimi na wewe tu. Wallahi nitakata tiketi siku za maji mafu, ambazo huna kazi shambani."

Kila mtu akamwangalia Mastura. Alikuwa kachoka. Kwa miaka tisa alikuwa amengoja mwezi ujao, na hapo barazani, mbele ya sheikh, alikuwa anapewa mwingine. Moyo wake bado ulimtaka mwanaume huyo, hilo hakujificha, na alijua akifungua mdomo vibaya atasema sawa.

"Sheikh," alisema, "msimchoshe na kuchagua. Huyu bwana aliniahidi nyumba ya bati, hakuezeka. Aliniahidi cherehani, sikuiona. Aliniahidi treni, akampandisha mwenzangu. Miaka tisa sijapata kumsikia anasema jambo kuhusu mimi likawa kweli. Hili moja alilolisema Kivinje, mara mbili, mbele ya mashahidi, nakuombeni liwe kweli."

Maftaha akafunika uso kwa mikono. Mzee Yassin akawa wa kwanza kushusha macho, na Sheikh Abdulrazak akaagiza kalamu na karatasi ya talaka.