Anguko la Mapengo

Walipokuwa wakicheka, mtu alikuwa tayari amevunjika shingo.

Hilo ndilo lililomkera Inspekta kuliko yote, tangu alipoingia ukumbini na kuelezwa ilivyokuwa. Madirisha yalizibwa kwa vitambaa vyeusi, taa zikazimwa kama igizo lilivyotaka. Mchekeshaji aliyejulikana mji mzima kwa jina la Mapengo akatoka mbio gizani. Ukasikika mshindo. Na wenzake wote, waigizaji, wapiga ngoma, hata wale waliokuja tu kuchungulia mazoezi ya mwisho, wakaangua kicheko, kwa kuwa Mapengo alikuwa bingwa wa kuanguka. Taa zilipowaka jukwaa lilikuwa tupu, nao wakaendelea kucheka. Walidhani ni mbwembwe mpya. Kisha mtu mmoja akauona mguu.

Alilala chini ya jukwaa, kwenye shimo la wapiga muziki, juu ya saruji tupu. Shati lake la njano lilikuwa limempanda hadi kifuani. Daktari wa polisi aliipapasa shingo ya maiti, akainuka akijipangusa magoti.

"Alitanguliza kichwa," alisema. "Na hakujikinga vya kutosha."

"Mtu anayeanguka hujikinga."

"Huyu alijikinga kama mtu anayedhani sakafu iko karibu. Haikuwa karibu."

Kabla Inspekta hajajibu, alisogea mwanamume wa makamo, suti imepigwa pasi mpaka inakata, kitambulisho kikining'inia shingoni. Alikuwa Mwenyekiti wa kamati ya sherehe za mwisho wa mwaka.

"Inspekta, pole na kazi. Tulikuwa tunaomba mwili upitie mlango wa nyuma. Kwaya ya watoto inakaribia kufika, na kesho ndiyo onyesho lenyewe. Hatutaki kuwaharibia watu msimu."

"Umemfahamu marehemu muda gani?"

"Oh, miaka mingi. Mtu wetu kabisa."

"Mtu wako kabisa, na hujaniuliza amekufaje. Umeniuliza atatokea mlango gani."

Mwenyekiti alilegeza tai. "Ni ajali, Inspekta. Ajali haina kinga."

"Ajali nitaitaja mimi nikimaliza. Sasa kaa kwenye kiti, na usiguse kitu."

Nje ya mlango wa kuingilia, kwenye benchi la wakata tiketi, alikuwa ameketi mwanamke mzee mwembamba. Jirani alikuwa amemwita, naye alikuja mbio. Kandambili zake hazikuwa jozi moja. Alikuwa mama yake Mapengo. Inspekta aliinama kumpa pole, lakini mama alimkatiza.

"Wananiambia ameanguka."

"Ndiyo, mama."

"Baba, mwanangu ameanguka maisha yake yote. Kuanguka ndiyo kazi iliyomlisha, akanilisha na mimi. Mvuvi hafi kwa kulowa. Nenda kaniangalizie ni nani aliyemuua."

"Nitakwambia, mama. Nikishajua, utakuwa wa kwanza."

Alirudi ndani akiwa na deni hilo.

Mwongozaji wa igizo alikuwa jukwaani, skafu shingoni, macho mekundu, ingawa mekundu ya nini ilikuwa vigumu kusema. Sajini, msaidizi wa Inspekta, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, alikuwa tayari amepiga magoti karibu na miguu yake.

"Nieleze anguko lenyewe," Inspekta alisema.

"Taa zinazimwa. Mapengo anakimbia hadi kwenye alama yake. Ni kipande cha utepe unaong'aa gizani, huu hapa. Anasimama juu yake, anajitupa mbele kifudifudi. Taa zinawaka, watu wanamwona anatetemeka mikono na miguu. Basi hapo watu wanakufa kwa..." Akajing'ata ulimi.

"Anatetemeka kwa nini?" Sajini aliuliza kutoka sakafuni.

"Ndiye mhusika wake. Kijana mwenye kifafa."

"Na hicho ndicho kichekesho?"

"Dada, sanaa ni sanaa. Ungeliona ungecheka."

Inspekta alipima kwa macho kutoka kwenye alama hadi ukingo wa jukwaa. Mtu angejitupa pale hata kama ana urefu wa mnazi, asingefika shimoni.

"Aliwahi kuikosa alama?"

"Mapengo? Hata siku moja. Ungemwamsha usingizini angeipata."

"Basi leo ilikuwa mahali pengine."

"Lakini iko palepale, unaiona!"

"Sasa hivi iko palepale," Sajini alisema. "Afande, hebu njoo."

Jukwaa lilikuwa na alama nyingi za utepe, kila mwigizaji na yake. Zote zilikuwa zimechakaa kwa kukanyagwa wiki nzima, nyeusi kwa vumbi, ncha zake chakavuchakavu kama zilizotafunwa. Hii ya Mapengo ilikuwa safi. Sajini aliiinua kwa koleo ndogo, ikatoka kirahisi mno, imejaa vumbi upande wa gundi. Kisha Inspekta akapitisha kiganja ukingoni mwa jukwaa, polepole, sehemu kwa sehemu. Mahali pamoja, juu kabisa ya shimo, kiganja kilinata.

"Ile ya zamani iling'olewa, hii ikabandikwa hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Alikimbia gizani akasimama ukingoni mwa shimo, akajitupa kama kawaida yake. Halafu mtu akaihamishia mahali pa ile ya zamani."

"Tena tazama ncha zake." Sajini aliinua kipande kwenye mwanga. Huku na huku, utepe ulikuwa umekunjwa kwa ndani kidogo na kulazwa vizuri, sawasawa, mstari mmoja.

Inspekta aliutazama. Aliutia kwenye mfuko wa ushahidi na kupanda ngazi za chumba cha taa.

Fundi wa taa aliitwa Volti na kila mtu, hata mkewe. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Alama za jukwaani unabandika wewe?"

"Mimi, afande. Peke yangu."

"Mligombana na Mapengo juzi. Wameniambia."

"Nani hakugombana na Mapengo? Anakuchekesha leo, kesho anakucheka wewe. Lakini kumuua? Mimi hata panya namfukuza kwa fagio."

"Unakata utepe kwa kitu gani?"

Volti alifunua meno. "Kwa haya. Mkasi wangu uliibwa siku ya kwanza. Humu ndani hata chumvi ungeiacha wangeiba."

Inspekta aliuweka mfuko mezani. Volti aliukodolea macho.

"Huu si wangu. Mimi nikunje utepe? Nina muda huo?"

"Ulipowasha taa, nani alikuwa jukwaani?"

"Hakuna. Wote walikuwa chini kwenye viti wakicheka, halafu wote wakakimbilia shimoni."

"Wote?"

"Wote. Yaani..." Alikunja uso. "Mama Fundi alikuwa jukwaani. Yule anayeshona mavazi. Alikuwa amepiga magoti pale mbele. Nikajua anamwombea."

"Pale mbele wapi?"

Volti alinyoosha kidole kupitia kioo. Kilielekea moja kwa moja kwenye ukingo unaonata.

"Na kabla ya giza?"

"Afande, yule mama yuko sakafuni siku nzima anaokota pini. Nani anamwangalia mtu anayeokota pini?"

Chumba cha mavazi kilikuwa nyuma ya jukwaa, kidogo, kina joto, nguo zimening'inizwa hadi mlangoni. Mama Fundi alikuwa mbele ya cherehani, tepu ya kupimia shingoni. Gurudumu lilikuwa linazunguka. Chini ya sindano kulikuwa na kitambaa cha njano.

"Unashona nini, mama?"

"Shati."

"La nani?"

"La atakayeshika nafasi. Mwongozaji amesema liwe tayari jioni. Huyu wa sasa ni mwembamba."

Maiti haijatolewa shimoni, na vipimo vya mrithi vimeshaandikwa kwa chaki juu ya meza. Alivuta kiti akaketi, maana angesimama angempiga mtu, na mtu mwenyewe hakuwamo chumbani.

Aliuweka mfuko karibu na cherehani.

"Utepe huu umepindwa ncha."

Mama Fundi aliutazama muda. Mguu wake ukaacha kukanyaga, gurudumu likasimama.

"Mkono umezoea," alisema. "Ncha ukiiacha wazi inafumuka."

"Utepe haufumuki, mama."

"Najua."

"Upande wa gundi tutapata alama za vidole vyako."

"Msijisumbue. Ni mimi."

Sajini alifungua daftari. Inspekta alimwonya mama kwamba atakachosema kitatumika mahakamani. Akaitika kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa kwamba mvua itanyesha.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya shati."

Alilikunjua lile la njano, likaonekana mfuko mmoja upande wa kushoto.

"Nilikuwa na mtoto. Kitindamimba wangu. Alikuwa na kifafa tangu mdogo, lakini alikuwa anajitegemea, ananisaidia dukani. Mwaka jana, msimu kama huu, kikundi hiki kilipita barabarani kwa ngoma kutangaza onyesho. Nilimtuma uzi, amevaa shati la njano nililomshonea, mfuko mmoja. Ugonjwa ukamshika katikati ya wachezaji. Akaanguka. Mimi niliambiwa tu kwamba alianguka, msaada ukachelewa. Nikamzika. Nikasema kazi ya Mungu haina makosa."

"Halafu?"

"Halafu Mapengo akaja hapa kupimwa. Akaniambia, 'Mama, nataka shati la njano, mfuko mmoja.' Nikamuuliza, mbona la njano? Akaanza kucheka. Akasema mwaka jana kijana mmoja alianguka mbele yao, watu wakadhani ni mchezo, wakapiga duara, wakapiga makofi. Na yeye Mapengo akalala chini kando yake, akawa anamwigiza, anatetemeka kama yeye. Watu wakazidi kushangilia. Mtoto wangu alikuwa anakata roho, afande. Msaada haukuchelewa. Ulikuwepo, umesimama duara, unapiga makofi."

Sajini aliacha kuandika.

"Ulimwambia ni mwanao?"

"Palepale. Pini mdomoni. Alishtuka, akaniomba samahani. Kesho yake akarudi, akasema, 'Lakini mama, ndiyo sehemu watu wanayoipenda.' Nikamwendea Mwongozaji, akasema sanaa ni sanaa. Nikamwendea Mwenyekiti. Huyo alisema nisiwe na kinyongo, huu ni msimu wa furaha. Kila siku nimekaa nyuma ya pazia hili, nasikia mwanangu anaanguka, nasikia wanacheka."

"Ungekuja kituoni."

"Kushtaki nini? Kicheko?"

Inspekta alilitazama lile shati.

"Nilitaka wamwone mtu akianguka kweli," Mama Fundi alisema. "Mara moja tu, wajue. Nikapiga magoti pale, taa zikawaka, namwona chini shingo imegeuka. Na wao wanacheka. Hata yeye, afande. Hata yeye walimcheka."

Inspekta aliinuka. Alimkasirikia Mwongozaji, alimkasirikia Mwenyekiti, aliwakasirikia watu wote waliowahi kupiga duara mahali popote. Na alimkasirikia sana mwanamke huyu, ambaye angependa kumwonea huruma tu.

"Umeua mtu, mama. Alikuwa mtu mbaya siku ile, pengine na siku nyingine. Lakini umemuua."

"Najua nilichofanya. Sikuja kuomba."

Walipotoka, Mwenyekiti alikuwa amekwisha kusimama. "Inspekta, sasa kwa kuwa mhusika amepatikana, kesho tunaweza..."

"Ukumbi umefungwa. Ni eneo la tukio."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nitakapoweza kukutazama bila kutaka kukukamata. Usikae unasubiri. Na wewe," akamgeukia Mwongozaji, "kesho asubuhi uje kituoni ueleze mtoto wa mtu alivyofia miguuni penu mwaka jana. Uje na kila aliyekuwepo. Safari hii mtazungumza mmoja mmoja, hakuna wa kuwapigia makofi."



Kwenye benchi la tiketi, mama yake Mapengo alimwona Inspekta, kisha akaiona pingu mikononi mwa Mama Fundi.

"Ni huyu?"

"Ni huyu, mama."

Alisimama. Sajini alitaka kujiweka kati yao, Inspekta akamshika mkono. Wanawake wawili walitazamana.

"Mwanangu alikukosea nini?"

Mama Fundi alimweleza. Hakuongeza chumvi. Barabara, ngoma, duara, shati, kicheko. Yule mzee alisikiliza mpaka mwisho, midomo yake ikicheza bila sauti.

"Mwongozaji wao ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Na huyo mwenye suti?"

"Naye nilimwambia."

"Na mimi je?"

Mama Fundi aliinamisha macho kwenye pingu.

"Nakaa hapo nyuma ya soko. Kila mtu anapajua. Ungenijia, mwenzangu, ukaniambia, 'Mwanao anamcheka marehemu wangu.' Ningekuja na fimbo. Ningemshika sikio mbele ya watazamaji wote, na ndevu zake zile. Asingelipanda jukwaa hilo tena. Alikuwa haogopi mtu, lakini mimi aliniogopa." Sauti ikamkatika, akaitafuta, akaipata imebadilika. "Kwa wakubwa wote ulikwenda. Kwangu hukuja hata mara moja. Kwa nini hukuja?"

Tangu walipomkuta kwenye cherehani, Mama Fundi hakuwa amedondosha chozi. Sasa machozi yalimtoka.

"Sikukumbuka," alisema. "Nisamehe. Sikukumbuka kwamba ana mama."

Yule mzee akaketi tena kwenye benchi, akajifunika uso. Inspekta akamfungulia Mama Fundi mlango wa gari.