Kadi ya Miezi Minane

Siku ile ya mwaka wa 2002 maktabani Kitale walikuwepo wanne: msimamizi Mzee Hamid; fundi Wanyonyi, aliyeleta kompyuta kutoka Bungoma; Edinah, aliyemsomea fundi kadi za orodha ya vitabu aziingize kwenye mashine; na binti wa Edinah wa miezi minane, mgongoni ndani ya leso. Kwao mtoto huitwa majina ya marehemu mpaka anyamaze kwa lile analolikubali, na huyo alikuwa amekataa kila jina la marehemu wa ukoo. Ukimwita, analia, ukibadilisha, analia zaidi.

Jana yake Wanyonyi alichoma droo nzima ya kadi nyuma ya jengo. Asubuhi ile droo ilikuwa imejaa tena, kadi zina joto, zinanukia tangawizi.

"Si ni wewe, Edinah?" Wanyonyi alisema. "Mashine inatafuta kitabu mara moja, takataka hizi za nini? Unaogopa itakula kazi yako, ndiyo maana umeziandika upya."

"Kadi mia nne, bana? Na mtoto huyu analia mgongoni?"

Mwandiko ulikuwa wa Phelista, msimamizi aliyemtangulia Mzee Hamid, mkia wa kila y umejikunja kama ndoana. Phelista ndiye aliyemwajiri Edinah ingawa alikuwa na cheti cha darasa la nane tu, akamwekea chai ya tangawizi kila asubuhi ya mimba yake. Alizikwa Lugulu kabla mtoto hajazaliwa.

"Marehemu haandiki," Mzee Hamid alinong'ona. "Jini huiga mwandiko. Usiguse, binti yangu."

Edinah alikuwa ameshachomoa kadi ya mbele. Wino ulikuwa mbichi. *Phelista. Msichana, miezi minane. Yuko mgongoni mwa mamaye.*

Wanyonyi alimpokonya, akawasha kiberiti, na moto ulipoanza kula pembe ya kadi kilio cha mtoto kikakatika, na Edinah akahisi mgongo wake ukipoa, akafungua leso, akaona midomo ya bluu, kifua kimetulia, akaurukia moto na kuuzima kwa kiganja, na bado mtoto hakupumua.

"Usiliite jina hilo," Mzee Hamid alisihi. "Ukiliita umemfungulia jini mlango."

Edinah akakumbuka ile chai.

"Phelista," akaita.

Mtoto akavuta pumzi. Akacheka.

Kadi hazikuchomwa tena. Mwaka wa 2009, mwalimu wa darasa la kwanza alimwita Edinah shuleni, akamuuliza ni nani aliyemfundisha mtoto kukunja mkia wa y kama ndoana.