Nitakuelezea Jioni

Saa ile miraa inafika kutoka Meru, soko la Isiolo huwa halina adabu. Pikapu zinaingia zikipiga honi, magunia yanatupwa chini, akina mama wanasukumana, na kila mtu anataka yake kabla haijakauka. Mchana huo Kiogora alikuwa amepiga magoti mbele ya gunia lake, anafunga miraa kwa majani ya migomba, waya mmoja wa simu sikioni, mwingine unaning'inia kifuani. Mikono yake ilikuwa kazini. Kichwa kilikuwa kwa wakubwa na siri zao.

"Toa hiyo kitu kwa sikio nikuulize bei," sauti ya mwanamke ikasema juu yake.

Akainua macho. Aliona kwanza viatu vya akala, vya tairi, kisha gauni la manjano lililobana kiuno, kisha shanga nyekundu na nyeusi zilizopanda shingo yote hadi kidevuni, na juu ya hayo uso uliokuwa umeshaanza kumcheka.

"Wewe hutafuni miraa," Kiogora akasema.

"Nani amekwambia ni yangu? Ni ya dereva wa wageni kazini. Unaskiza nini, ngoma?"

"Ukweli."

"Huo nao unauza pesa ngapi?"

Wenzake waliokuwa karibu waliangua kicheko. Kiogora aliinamia gunia, akachagua miraa bora. Msichana aliondoka na furushi lake zuri kuliko alilolipia, na Kiogora akabaki na namba yake ya simu na jina moja, Nakolong.

Nakolong alikuwa mpishi kwenye kambi moja ya watalii upande wa Leparua. Kwao ni Ngaremara, baba yake mfugaji, anauza mbuzi kando ya lami. Haya yote Kiogora aliyajua wiki ya kwanza, maana walikuwa wanapigiana simu mpaka chaji inaisha.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na wewe umekula, ama umekula mitandao tu?"

"Wacha matani. Leo nimeona kitu, Nakolong. Hao wakubwa, unajua huwa wanakutana wapi?"

"Aki Kiogora. Mimi ndiye huwapikia. Wanakutana kwa meza, wanakula kuku."

Alikuwa anamtania, lakini Kiogora hakuwa anatania. Alikuwa na ukurasa wake mtandaoni, anauita Pazia Wazi, na kila jioni alienda laivu kutoka chumba chake cha kupanga pale Chechelesi kueleza watu siri za vigogo. Ati wana vikao vya giza. Ati kuna damu inanywewa, kuna watoto wanapotea, na ndiyo maana pesa zao haziishi. Hakuwa ameona hata kimoja kwa macho yake. Lakini mtu akikaa juu ya gunia miaka yote, aone magari meusi yakipita na ving'ora bila kupunguza mwendo, asikie mji ukiahidiwa makubwa kila uchaguzi na makubwa yasifike, mwishowe anataka kuambiwa sababu. Na sababu ikiwa na pembe na mkia, inashika haraka zaidi. Watu walimfuata kwa maelfu. Sokoni walimwita Prof, na hilo jina lilimkaa vizuri kuliko shati lake la Jumapili.

Mapenzi yao yaliendelea hivyo hivyo, yeye akiwinda mashetani, Nakolong akimcheka na kumletea chapati. Mpaka ile Alhamisi ya picha.

Ilimfikia saa nane, imetoka kwa Nakolong mwenyewe. Ilipigwa magharibi ya siku iliyotangulia, kambini, mwanga ukiwa kidogo. Mheshimiwa mmoja wa Nairobi, sura inayojulikana kwa runinga, amesimama kifua wazi. Kifuani na usoni amepakwa kitu cheusi kinachochuruzika. Mbele yake mzee mwenye kisu mkononi. Nyuma yao watoto wamepanga mstari. Na chini Nakolong alikuwa ameandika: "Ona hii babe. Nitakuelezea jioni."

Sasa mtu mwenye subira angengoja jioni. Kiogora alisimama, akakaa, akasimama tena. Alipiga simu, haikushikwa, maana Nakolong alikuwa jikoni. Alitembea mpaka kwa msikiti mkubwa akarudi. Mteja aliuliza bei akajibiwa kitu hakieleweki. Miaka yote alikuwa akiongea mambo ya kuambiwa, na leo ushahidi umekuja wenyewe mpaka kwa kiganja chake. Kufika saa kumi picha ilikuwa Pazia Wazi, na sauti yake juu yake: "Hii si Ulaya, watu wangu. Hii ni hapa Isiolo. Oneni damu. Oneni watoto. Oneni huyo mchawi wao na kisu."

Ilienda kama moto wa nyasi. Saa moja jioni simu ikalia.

"Kiogora."

"Mpenzi, umeona? Usiogope, jina lako sijataja."

"Yule mzee ni baba yangu."

Kiogora aliifungua tena ile picha.

"Ile si damu. Ni ile majani ya tumbo ya mbuzi, nyasi aliyokula. Mgeni akija kwetu kwa heshima anachinjiwa, anapakwa, anabarikiwa. Ni kijani, Kiogora. Ni kijani kama mboga. Jua lilikuwa limeisha ndio ikaonekana nyeusi. Na hao watoto ni wa dadangu, walikuja na baba alipoitwa kambini, walikuwa wanangoja nyama."

"Si ungeandika basi?"

"Niliandika nitakuelezea jioni. Nilitaka kukuonyesha baba yangu, nione utasema nini. Nilikuwa najivunia. Futa. Na uwaambie ni uongo."

"Nitafuta. Kesho nitawaambia, nipange maneno."

Alifuta, ndiyo. Lakini kuwaambia hakuwaambia, kesho wala kesho kutwa. Picha ilikuwa imeshachukuliwa na kila mtu, na ukurasa wake ulikuwa umefura kwa wafuasi, hajawahi kuona hivyo. Mtu akishaitwa Prof na umati wote ule, kusema "nilikosea" kunakuwa kama kuvua suruali katikati ya soko. Aliwaza hivyo, na aliona aibu kuwaza hivyo, na bado hakusema.

Nakolong alikuja mwenyewe Chechelesi. Hakuwa amevaa shanga. Alisimama mlangoni na lile gauni la manjano lenye vumbi la safari, akakataa kiti.

"Kazini wamenifukuza juu ya ile picha. Hiyo nitameza. Lakini jana baba alileta mbuzi kwa soko, kina mama wakavuta watoto wao wakimwona. Hakuna aliyenunua. Vijana wa boda walimrushia mawe mpaka kwa lami. Alirudi na mbuzi zote, akakaa, akaniuliza, 'Nakolong, wanasema nimekula mtoto. Nimekula mtoto wa nani?'"

"Nakolong, nisamehe."

"Mimi? Enda umwambie yeye. Mimi nilikupenda na hayo mambo yako nikidhani ni mchezo. Kama huwezi kumsafisha mbele ya wale wale uliomchafulia, usinipigie simu tena."

Aliondoka. Kiogora hakulala vizuri usiku huo wala uliofuata. Alipanga miraa, akapangua. Alifungua laivu, akaona watu wanamiminika, akafunga. Alipiga simu kwa Nakolong mara nyingi za kutia aibu, haikushikwa. Jumatatu asubuhi aliacha gunia kwa jirani yake Mawira, akapanda boda kwenda Ngaremara.

Mzee Lokaale, baba yake Nakolong, alikuwa ameketi kando ya barabara juu ya kigoda chake kidogo, blanketi begani, mbuzi wake wamefungwa kwenye mti wa miiba nyuma yake. Malori yalikuwa yanapita. Hakuna lililosimama.

"Ejoka, mzee," Kiogora akaamkua.

"Ejok. Wewe ndio mtu wa simu."

"Ndio mimi. Nimekuja kuomba msamaha. Nilisema kitu sijui, sikuuliza."

Nakolong alitoka kibandani, akasimama mbali, mikono kifuani.

"Msamaha ya hapa, kati yangu na wewe, inasaidia nani?" mzee akasema polepole. "Ulinitukana ukiwa na watu wengi. Waite. Halafu nunua mbuzi."

Kiogora alinunua, na hakuuliza bei. Alifungua laivu, akasimamisha simu juu ya jiwe, akavua shati. Mzee alichinja pale pale kwenye jua la saa sita, akapasua tumbo, akachota kwa mikono miwili, na akampaka kuanzia paji la uso akishuka kifuani, midomo ikisema baraka kwa Kiturkana. Ilikuwa ya moto. Ilinuka nyasi.

"Angalieni rangi," Kiogora akaiambia simu. "Ni kijani. Niliwaambia ni damu, nikawaambia huyu mzee ni mchawi. Nilidanganya. Hakuna mtu aliniambia, nilijitungia, kwa sababu nilishindwa kungoja saa chache niulize. Huyu ni mzee Lokaale, anafuga mbuzi. Watoto wote mliona wako hapa, wanangoja nyama."

Maandishi yalianza kupanda kwenye kioo. Alitaka kuyasoma, kidole chenye majani kikateleza. Nakolong akasogea, akainama juu ya jiwe.

"Wengine wanasema pole kwa mzee. Si wengi."

"Wengine?"

"Wanasema umenunuliwa. Huyu anasema na wewe umeingizwa kwa vikao vya giza, ati macho yako yamebadilika. Wanaondoka, Kiogora."

"Na wewe unasema?"

"Mimi nasema unanuka."

Hakucheka, lakini mdomo ulimsaliti kidogo. Hapo lori moja likapunguza mwendo. Utingo akatoa mkono dirishani na simu yake, anapiga picha. Kiogora alielewa papo hapo atakavyoonekana jioni kwenye simu za watu, kifua wazi, amepakwa, mzee wa kisu kando yake, watoto nyuma. Aliinua mkono ajifiche uso.

Nakolong alimshusha ule mkono. Alifuta kiganja chake kifuani mwa Kiogora, akajipaka mashavu yote mawili, akasimama ubavuni mwake na gauni lake la manjano, kidevu juu, anamtazama utingo moja kwa moja.

"Simama vizuri," akasema. "Wakisambaza, wasambaze tukiwa wawili."

Lori likaenda. Kiogora alimgeukia.

"Nakolong, hiyo ni kusema utanikubali? Nilete wazee wangu kwa baba?"

Aliangalia baba yake, akaangalia mbuzi anayechunwa, akamwangalia yeye, kijani kikianza kumkauka kwenye nyusi.

"Nitakuelezea jioni."

Kiogora alijifuta kidole kwenye suruali. Akazima simu, akaketi chini vumbini karibu na watoto, akangoja.