Vishona Nguo vya Rapide

Siku hizo, nyumbani kwetu, hatukuhitaji saa ya kutuamsha. Kulipopambazuka, Nkambo Alphonse, baba wa baba yangu, alikohoa mara mbili, akavaa buti zake za zamani za kazi ya reli, akachukua mkanda wa mbwa uliotundikwa nyuma ya mlango. Mbwa wake, Rapide, alikuwa amekwisha kufika getini, anazunguka palepale kwa furaha. Geti likalia, nami nikajifunika blanketi tena kwa dakika chache tamu.

Nyumba yetu iko pembeni mwa Lubumbashi, katika wilaya ya Annexe, mahali nyumba zinapochanganyika na mashamba. Nkambo na Rapide walifuata reli, wakapita kichuguu kikubwa, wakafika shamba letu la mahindi karibu na kijito, wakalizunguka na kurudi. Walikuwa wanarudi wamejaa vishona nguo, zile mbegu nyeusi nyembamba zinazonasa kwa yeyote anayepita majanini. Bibi yangu, Nkambo Laurentine, aliwaketisha wote wawili karibu na mbabula, jiko letu la makaa, akaanza kuzitoa moja moja kwenye suruali na kwenye manyoya.

"Mweye babili, siku moja mutaniletea shamba yote mu nyumba," alinung'unika.

Nkambo Alphonse alicheka tu, na Rapide akalala chali ili atolewe zilizokuwa tumboni. Mpaka leo nikisikia harufu ya makaa asubuhi, namwona Nkambo Alphonse pale kwenye kiti chake kifupi, na moyo wangu unauma kidogo.

Nkambo Alphonse alifariki mwezi wa pili, nilipokuwa na miaka kumi na moja. Wiki moja kabla, aliniita kando ya kitanda chake, akanipa ule mkanda.

"Dorine, sasa Rapide iko yako. Chakula peke yake haimutoshe. Iko na miguu ya kutembea. Kila asubuhi umupeleke mpaka ku shamba. Umesikia?"

"Nimesikia, Nkambo," nilisema.

Na kweli, miezi ya kwanza nilimpeleka. Lakini mwezi wa sita ulipofika, baridi ya Lubumbashi ikaja na ukali wake. Asubuhi vidole vilikufa ganzi, na blanketi lilikuwa linanibembeleza nisitoke. Zaidi ya hayo, rafiki yangu Kiki alikuwa amepewa simu ya zamani ya dada yake, yenye michezo. Kila asubuhi Kiki alipeleka ndoo bombani, hatua mia mbili tu kutoka kwetu, akakaa pale kungoja zamu yake.

Siku ya kwanza nilisimama kumsalimu tu. Siku ya pili nilifunga mkanda wa Rapide kwenye nguzo ya bomba, nikacheza mchezo mmoja. Baada ya wiki moja, safari yetu yote ilikuwa inaishia palepale. Rapide alisimama akitazama upande wa reli, akalia kidogo, akanitazama mimi. Mimi nilitazama simu.

Nyumbani nilijua nitaulizwa. Basi, kabla ya kuingia, nilipita nyuma ya choo ambapo majani yalikuwa yameota, nikachuma vishona nguo na kuvibandika kwenye sketi yangu. Nilijiona mjanja kuliko watoto wote wa mtaa.

"Umefika ku shamba?" Nkambo Laurentine aliuliza.

"Ndiyo, Nkambo. Kule kuko baridi sana!"

Alinitazama kidogo, akatazama sketi, akamtazama Rapide. Alivuta kiti chake na kuanza kunitoa mbegu, moja moja.

Basi hapo ndipo taabu ya ukuta ilipoanza. Jumatatu Rapide alichimba shimo chini ya ukuta wetu, akatoroka. Saa nne alirudi mwenyewe, ulimi nje. Papa, baba yangu, alijaza shimo kwa mawe. Jumatano Rapide aliruka ukuta upande wa choo, maana ulikuwa mfupi. Njiani alipita katikati ya mihogo ambayo jirani yetu, Mama Léonie, alikuwa ameianika kwenye turubai nje ya nyumba yake, akaitawanya vumbini. Mama Léonie alikuja getini amebeba kipande cha muhogo chenye alama ya mguu wa mbwa, kama hakimu aliyeleta ushahidi.

"Papa Dorine, angalia! Miye ni mwalimu wa imbwa? Unga ya batoto yangu iko mu vumbi!"

Papa aliomba msamaha, akalipa mihogo. Kisha akaamua kuinua ukuta. Sisi watu wa Lubumbashi, tukitaka matofali, hatuendi mbali. Kwenye kona ya uwanja wetu kulikuwa na kichuguu kirefu kuliko mtu, na udongo wa kichuguu hauna mpinzani kwa matofali. Kila jioni baada ya kazi Papa alichimba, akamwaga maji, akakanyaga udongo kwa miguu, akaujaza kwenye kibao cha kufyatulia. Mikono yake ilipasuka kwa baridi. Mimi nilimletea maji, na kila ndoo niliyobeba ilinilemea zaidi ya uzito wake. Nilijua kwa nini Rapide anatoroka. Sikusema.

Matofali yalipoanza kukauka, Papa aliyapanga vizuri, mstari juu ya mstari, yakiegemea ukuta, akayafunika kwa nyasi. Cha ajabu, kadiri matofali yalivyoongezeka, ndivyo Rapide alivyozidi kutoroka. Ijumaa alitoka. Jumapili alitoka. Jumanne pikipiki ilimkosa kwa kidole kimoja, na dereva akaanguka na kuchubuka goti.

Jioni hiyo Papa hakufyatua matofali. Alikaa, akapiga simu.

"Allô, kaka Constantin? Unatafutaka imbwa ya kulinda depo? Ukuje Jumamosi. Tuko na moja."

Baba mkubwa Constantin alikaa Kambove, akiuza unga. Nilijua depo yake, lile ghala la unga. Nilijua pia kwamba mbwa wa pale hufungwa mnyororo tangu asubuhi mpaka jioni.

"Papa, usimupe!" nililia. "Ni imbwa ya Nkambo!"

"Dorine, Nkambo mwenyewe alikuwa hataki muntu aumie juu ya imbwa yake," alijibu kwa upole, na upole wake ulinichoma zaidi kuliko kelele. "Unamutembeza kila siku, miye ninajenga ukuta kila siku, na bado anatoka. Tufanye nini tena?"

Unamutembeza kila siku. Niliinama nikakunja ncha ya sketi yangu.

Ijumaa hakukuwa na masomo. Asubuhi nilikaa mlangoni nikamtazama Rapide, nikihesabu kwamba imebaki siku moja. Alinusa geti. Alingoja. Mwishowe alitembea polepole mpaka kwenye matofali ya Papa, akapanda mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, akafika juu ya ukuta bila hata kukimbia, akaruka upande wa pili. Papa alikuwa amejenga ngazi!

Nilifungua geti nikamfuata mbio. Alikuwa anafuata reli. Alipita kichuguu kikubwa bila kugeuka, akashika kinjia cha majanini. Nilipofika shambani kwetu nikihema, nilimwona anazunguka mpaka wa shamba lililokwisha kuvunwa, taratibu, kona kwa kona, kama alivyofanya na Nkambo. Alikunywa maji kijitoni, akaketi.

Mzee Ephraïm, mwenye shamba la jirani, alikuwa anang'oa viazi vitamu. Alinyoosha mgongo.

"Aa, Dorine! Leo umekuja. Nilikuwa najiuliza. Imbwa yenu anakuyaka yeye peke yake. Anazunguka shamba, anakunywa maji, anarudia. Haibe kitu, hagombane na muntu. Juu ya nini hamukuyake naye?"

Nilipiga magoti nikamshika Rapide shingoni, nikalia. Kumbe hakuwa anatoroka. Alikuwa anakwenda matembezi yake peke yake, kwa sababu mimi niliyeahidi kumpeleka nilikuwa namfunga bombani.

Jumamosi asubuhi baba mkubwa Constantin alifika na gunia la unga la zawadi, na mnyororo mpya mfukoni. Papa alimkaribisha chai. Nkambo Laurentine alikuwa kando ya mbabula. Rapide alinusa ule mnyororo, akatikisa mkia, maana hakujua ni kitu gani. Hapo sikuweza tena.

"Papa, ni kosa yangu," nilisema. "Rapide haiko na kosa. Miye sikumupeleka ku shamba. Wiki tatu. Tuliishiaka ku bomba. Nilikuwa nacheza na simu ya Kiki."

Papa aliweka kikombe chini. "Lakini kila siku ulirudi na bishona nguo mu jupe yako!"

"Nilibichuma nyuma ya choo," nilisema, nikatamani ardhi inimeze.

Kisha Nkambo Laurentine akaanza kucheka, kicheko kidogo chenye huzuni ndani yake.

"Miye nilijua," alisema. "Miaka makumi tatu nilitoa hizi bintu mu patalo ya Nkambo yako na mu manyoya ya imbwa zake. Zinashikaka imbwa kwanza, mbele ya muntu. Weye uliingia umejaa, na Rapide iko safi kabisa. Imbwa alikuwa anaruka juu ya majani kama ndege?"

Baba mkubwa Constantin aliziba mdomo asicheke. Papa hakucheka.

"Mama, ulijua? Na ukaniacha nifyatue matofali mia tatu?"

"Ukuta ulikuwa mufupi," Nkambo alijibu bila haya. Kisha akawa mpole. "Hapana, mwanangu, na miye nilikosea. Nilitaka mutoto aseme yeye mwenyewe. Nikangoja sana, karibu tupoteze imbwa ya bwana yangu." Alipangusa jicho kwa ncha ya kitenge chake.

Niliwaeleza habari ya ngazi ya matofali na maneno ya Mzee Ephraïm. Papa alikwenda mwenyewe kutazama. Juu ya nyasi zilizofunika matofali kulikuwa na alama za miguu ya Rapide, mstari baada ya mstari. Alishika kiuno, akatikisa kichwa, na mwishowe naye akacheka.

Baba mkubwa alirudisha mnyororo mfukoni. "Imbwa ya kutembea vile, miye nikimufunga, atakufa na uchungu wa roho," alisema. "Nitatafuta ingine."

"Iko inabaki," Papa alisema, "lakini weye Dorine utalipa kosa yako. Jumamosi mbili utamusaidia Mama Léonie kumenya na kuanika mihogo. Na utamwambia mwenyewe juu ya nini unamusaidia."

Nkambo Laurentine aliniita karibu, akanishika mikono yote miwili.

"Sikia, mutoto. Kuona baridi si zambi. Kuchoka si zambi. Ungesema 'Nkambo, nimeshindwa', tungetafuta njia: papa yako angemupeleka siku moja, weye siku ingine. Lakini ulidanganya, ulisema bongo, na bongo yako ilifanya papa yako apasuke mikono, Mama Léonie apoteze mihogo, muntu wa pikipiki aumie, na imbwa asiye na kosa aletewe munyororo. Bazee wanasema, njia ya mwongo ni fupi. Yako iliishia ku bomba."

Siku hiyohiyo Papa na mimi tulihamisha matofali katikati ya uwanja, mbali na ukuta. Tulipanga mawe makubwa chini ya ukuta mahali Rapide alipopenda kuchimba, na wiki iliyofuata Papa akainua upande wa choo. Lakini fundi mkubwa wa ule ukuta alikuwa ni matembezi. Jumatatu asubuhi nilivaa sweta mbili na kofia ya Nkambo Alphonse, tukafuata reli mpaka shambani. Ndege moja ilikuwa inashuka kwenye uwanja wa ndege wa Luano, na Rapide akaibwekea kama zamani. Tuliporudi alikunywa maji, akalala juani mpaka nilipotoka shuleni. Hakuutazama ukuta hata mara moja.

Nkambo Laurentine hakuniuliza tena kama nimefika shambani. Alimwita Rapide, akapitisha mkono kwenye manyoya yake, na vidole vyake vikapata jibu.

Miaka minane imepita. Mimi niko mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, na Rapide amezeeka. Mdomo wake umekuwa mweupe na miguu ya nyuma inamsumbua. Ukuta wa Papa bado umesimama, ingawa sasa hata ukibomoka, hakuna atakayeruka. Kila asubuhi nachukua ule mkanda nyuma ya mlango, tunatoka. Tukifika bombani Rapide anasimama, anatazama upande wa reli kwa muda mrefu, kisha anakaa chini. Mimi nakaa naye. Simu yangu naiacha mfukoni.

Leo tuliporudi, Nkambo Laurentine alimwita karibu na mbabula. Macho yake hayaoni vizuri tena, lakini mikono yake haijasahau. Aliipitisha mgongoni, tumboni, miguuni, akitafuta.

"Leo hakuna kitu," alisema.

"Hakuna, Nkambo. Tumeishia ku bomba."

Alitabasamu, akampigapiga Rapide kichwani.

"Ndiyo vile, mutoto. Kama njia ni fupi, useme ni fupi."