Kago la Mwanapili

Katika miaka ya thelathini, huko Gando, Masika alikuwa na bonde la mpunga karibu na bahari. Kila asubuhi alikwenda kulima, lakini macho hayakutulia kwake. Yalivuka tuta, yakaenda kwa jirani yake, Mwanapili. Mpunga wa Mwanapili ulikuwa wa kijani. Wa Masika ulikuwa wa manjano, na udongo umetanda chumvi.

Kijiba cha roho kikamkaba. Bonde moja, mvua moja! Kwa nini yeye tu?

"Mwanapili kazika kago," alimwambia mumewe, Ngwali. "Dawa yake yayasukuma maji ya chumvi kwangu."

"Umeliona hilo kago?"

"Nitalichimbua, utaliona."

Watu husema hasidi hana sababu. Masika alikuwa nazo kumi.

Miaka miwili nyuma, tufani iliangusha mikoko iliyokuwa baina ya mabonde yao na bahari. Masika na Ngwali walifyeka upande wao ukawa mweupe. Magogo yote yakawa kuni za tanuri la chokaa. Mwanapili aliyaacha yake pale pale yalipoanguka. Masika alimcheka, akamwita mvivu.

Siku ya pili baada ya maneno yale na mumewe, maji yalipokupwa, Masika alichukua jembe akaingia kwenye matope ya Mwanapili. Alichimba chini ya gogo la kwanza, akapata kaa. Chini ya la pili, kaa tena. Miche ya mikoko ilimjaa miguuni. Akang'oa mitatu apate nafasi.

"Bi Masika, miche yangu imekukosea nini?"

Alikuwa Mwanapili, na kikapu cha chaza mkononi. Masika aliona haya, lakini wivu ulimtangulia kusema.

"Kago liko wapi?"

Mwanapili alicheka hata akakaa juu ya gogo. "Ndilo hili nimelikalia! Mama alinambia, mkoko ukiangushwa na tufani, kazi yake haijesha. Gogo lazuia tope lisichukuliwe. Mbegu zaelea na maji, zikifika hapa zakwama, zaota. Na jua sasa lapata njia. Miche ikikua, mawimbi yavunjika huku huku. We ulifagia kila kitu, mwenzangu. Bamvua likija, maji yake makubwa ya chumvi yatazuiwa na nini?"

"Kwa hiyo si uchawi?"

"Ni uvivu. Si ulisema mwenyewe?"

Masika aliitazama ile miche mitatu. Machozi yakamtoka. "Nilikuonea kijicho, Mwanapili. Nisamehe."

"Irudishe kwanza. Kisha twende tukaokote mbegu zako."

Magogo Masika hakuwa nayo tena. Ngwali alisimamisha vigingi na makuti ili tope litulie. Wanawake wakachomeka mbegu. Nusu zilichukuliwa na maji, wakapanda tena. Miaka miwili Masika hakuvuna hata pishi moja. Mwaka wa tano mikoko ilimpita kimo, kaa na kamba wakarudi. Mvua zilikuwa zimeiosha chumvi, na mpunga ukawa wa kijani.

Asubuhi moja Mwanapili alimkuta Masika kwenye mikoko yake, ameshika ufito.

"Wachimba tena?"

"Napima. Mkoko wako waushinda wangu shubiri nne."

"Lakini wangu ulitangulia miaka miwili, Bi Masika."

"Najua," alisema Masika. "Na bado roho yaniuma."